Rangi Nyekundu Kwenye Gari la Maugain

Kabla ya wazimu wa magari, karakana ya Maugain pale Vaurebois ilikuwa inatengeneza vinu vya kusagia kahawa, na ilivitengeneza vizuri mpaka ukavipenda. Ingia jiko lolote la milima ile ya mashariki ya Ufaransa, ungemkuta bibi amekibana kinu cha Maugain katikati ya magoti, anazungusha mpini huku anamsema jirani. Hakuna aliyewahi kufa kwa kinu cha kahawa. Watu wakisimulia habari za Maugain siku hizi huanza na gari, jinsi lilivyopanda mlima wa kanisa bila kusukumwa, jinsi lilivyowatimua ng'ombe wa mkuu wa wilaya. Hawaanzi na vinu, wala hawaanzi na Hermance, na bila Hermance hakuna cha kusimulia.

Hermance alikuwa mke wa mwenye karakana, Célestin Maugain. Lakini kabla ya kuwa mke wa bosi alikuwa msichana wa mashine ya keekee, ile ya kutobolea chuma, na hata baada ya harusi hakuiacha mashine yake. Yeye ndiye aliyetoboa matundu ya mipini ya vinu. Na alikuwa na tabia moja: akishatoboa, anabadilisha keekee, anaweka nene zaidi, anapitisha kidogo tu juu ya tundu ili kulainisha kingo, mwanamke wa watu asije akajikata kidole na kahawa yake ya asubuhi. Hakuna mwingine aliyejisumbua hivyo. Mzee Babey, msimamizi wa mafundi, alikuwa akimtania kila siku, "Bi Hermance, unatoboa chuma au unakipaka siagi?"

"Napaka siagi, Mzee Babey. Wewe endelea na huo ukavu wako."

Kisha Célestin akaenda Paris kwenye maonyesho, akaona gari, akarudi si yule aliyeondoka. We acha! Alikuwa halali. Akila, anachora magurudumu kwa ncha ya kisu juu ya kitambaa cha meza. Baada ya miaka miwili gari la kwanza likatoka, dogo, la kelele, linanuka, nalo lilikuwa zuri, tusimnyime haki yake. Akauza machache, kwa daktari, kwa mthibitishaji wa mikataba, kwa mjane mmoja tajiri aliyeligonga kwenye banda la kuku siku ileile. Baadaye wateja wakakauka. Na wale wa vinu walikuwa wameshahamia kwingine, kwa kuwa nani anamngoja mtu asiyejibu barua kwa ajili ya kulala chini ya gari? Kufikia mwaka 1904 maji yalikuwa shingoni, na kila mfanyakazi aliyeingia langoni asubuhi alimwangalia bosi usoni kwanza kujua kama leo bado kuna kazi.

Dawa ya Célestin ilikuwa mbio. Mwezi wa tisa kulikuwa na mbio za barabarani za magari madogo, kutoka Dijon hadi Lyon. Ukifika mbele, magazeti yanakuandika, na gazeti likikuandika umepona. Ila gari lisizidi kilo mia nne. Likizidi hata kidogo, unarudishwa nyumbani.

Na dereva? Dereva alikuwa Théodule Perrenet, mdogo wake Hermance.

Hapo ndipo Hermance alipoweka chini kijiko chake cha supu. Théodule alikuwa mtoto wake kuliko mtoto wa mtu yeyote. Mama yao alikufa Théodule akiwa bado hajajua kutembea, na baba yao, Mzee Perrenet, alikuwa kule juu mlimani kwenye nyumba ya kutengenezea jibini tangu alfajiri, mikono ndani ya maziwa. Hermance ndiye aliyembeba, aliyemfuta kamasi, aliyemtia shuleni kwa makofi. Sasa amekuwa bwana wa masharubu, mcheshi, mikono mepesi, anapendwa na kila msichana wa Vaurebois, na hanywi. Hilo lilikuwa jambo la ajabu katika nchi ile ya mvinyo. Ndugu wa Mzee Perrenet alikutwa amekufa mtaroni na chupa mkononi, na toka siku ile mzee aliwaapisha watoto wake wawili mbele ya msalaba kwamba pombe haitagusa ulimi wao. Mafundi walimwita Théodule "Ndama" kwa sababu kwenye kilabu aliagiza maziwa. Naye alikuwa anaagiza kwa sauti kubwa kabisa, makusudi.

"Utamkalisha ndugu yangu juu ya hilo jini lako?" Hermance alimwuliza mumewe.

"Mwenyewe ametaka."

"Hata kuruka toka kwenye mnara wa kanisa alitaka akiwa na miaka sita. Nilimchapa."

Théodule alikuwa amekaa palepale mezani, anamenya tufaha. "Dada, usinichape mbele ya shemeji. Nitashindwa kuoa."

Hermance hakucheka. Alikwenda stoo akarudi na kopo la ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu na brashi. Akamburuta mumewe mpaka kwenye gari. "Haya. Nionyeshe kila chuma ambacho kikivunjika huyu atakufa. Kimoja kimoja. Usinifiche."

Célestin, tuseme ukweli wake, hakuficha. Alionyesha kwa kidole: ekseli, fimbo za breki, mkono wa usukani ule ulio chini unaopeleka amri ya dereva kwenye magurudumu. Kila alipoonyesha, Hermance alipaka. Akamaliza, akawaita mafundi wote, akawaambia mbele ya bosi wao, "Chenye nyekundu hakitobolewi, hakipigwi tupa, hakiguswi. Hata bosi akisema. Atakayegusa nitamvunja mikono." Mafundi walicheka, wakasema Madamu amelipaka gari rangi ya midomo, lakini waliishika ile sheria kama sheria ya kanisa.

Maana kazi ilikuwa ni kutoboa. Ndivyo walivyopunguza uzito wenye magari wote wa zama zile, chuma kinatobolewa mpaka kibaki mifupa. Pedali zikatobolewa. Kiti kikatobolewa. Mikono ya gia, vishikio vya taa, hata sahani ya jina la Maugain ikapigwa matundu. Mzee Perrenet aliposhuka na mkokoteni wake, mafundi walimpigia kelele, "Mzee, njoo uchukue jibini lako la matundu, limekauka!" Naye mzee, ambaye kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, alicheka.

Siku moja kabla ya kuondoka walilisukuma gari mpaka sokoni, kwenye mizani ya ng'ombe. Lilikuwa limezidi. Kidogo, lakini limezidi. Célestin akageuka rangi. Akaanza kugombana na mwenye mizani, mara mizani mbovu, mara ina mavi ya ng'ombe, na alipoona hasikilizwi akapanda farasi kwenda kijiji cha pili kutafuta mizani nyingine. Alipoteza mchana mzima huko, na ule mchana ndio uliowamaliza.

Nyumbani, Théodule alikuwa na wazo lake. "Rangi ni uzito," akasema. "Tunabeba rangi ya nini? Tuivue." Wakalifungua gari lote, wakatia vyuma kwenye pipa la magadi makali. Vikatoka vyeupe, safi, vinang'aa kama vijiko vya harusi. Wakavirundika mezani.

Hermance aliingia akaliona lile rundo. "Rangi yangu iko wapi?"

"Imekwenda na maji, dada. Tutaipaka tena nikirudi na kombe."

"Théodule, mimi sichezi."

"Na mimi sichezi! Kila mtu humu ndani anavijua vyekundu vyako kwa moyo. Babey anaviota usiku. Sivyo, Mzee Babey?"

"Naviota," akasema Babey. "Vinanifukuza."

Hapo kila mtu akacheka, na hata yeye akacheka kidogo, Mungu amsamehe. Wakapima vyuma, bado gramu zimezidi. Vilivyoonekana vinaweza kupunguzwa bado vikatiwa kapuni, kapu likaletwa mguuni kwa Hermance kwenye mashine yake, na yeye akakanyaga pedali. Alifanya kazi ile kwa haraka na kwa uzuri, kama alivyofanya maisha yake yote. Sasa sikiliza. Mkono wa breki, ambao haukupakwa nyekundu, na mkono wa usukani wa gari la Maugain vilifuliwa kwa kalibu moja. Célestin alifanya hivyo kupunguza kazi, na alijisifu sana kwa akili ile. Vikiwa vimefungwa garini, kila kimoja mahali pake, na kimoja chekundu, hata kipofu angevitofautisha. Vikiwa uchi kapuni, vilikuwa mapacha. Hermance alikuwa anaijua rangi, chuma chenyewe alikuwa hakijui. Nani alikitia kapuni kile cha usukani? Mpaka leo hakuna ajuaye. Babey alikifunga tena mahali pake jioni ile bila kushtuka, kwa kuwa siku ile kuona tundu kwenye chuma kulikuwa kama kuona pua usoni, kisha akakivisha ngozi yake ya kuzuia vumbi.

Célestin alirudi gari limeshasimama kwa magurudumu yake. Lilipowekwa kwenye mizani, likapita. Alimkumbatia Théodule mpaka kofia ikaanguka.

Asubuhi, kwenye stesheni, Hermance alimfungia mdogo wake vifungo vya koti mpaka cha shingoni. "Kwenye kona upunguze."

"Kwenye kona nitateremka nisukume," akasema Théodule, akapanda treni pamoja na Célestin na gari lao.

Siku ya mbio alikuwa wa kwanza, jamani. Mpaka ilipobaki robo ya safari alikuwa mbele ya magari yote, mbele ya makampuni makubwa yenye mafundi kama jeshi. Kisha, kwenye kona moja yenye miti mirefu pande zote mbili, gari halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja.

Simu ya maandishi ilifika karakanani mchana. Babey ndiye aliyeisoma, na aliposhindwa kuisema, Hermance alimnyang'anya. Hakulia mbele yao. Aliiacha mashine yake, akaenda ghalani kulikokaa vinu vya zamani, akafunga mlango, na mafundi wakasikia vinu vinaanguka kimoja kimoja.

Célestin alirudi na jeneza. "Tairi lilipasuka," alimwambia mkewe. "Mungu ndiye ajuaye. Tairi lilipasuka, likamtupa." Wakamzika. Wiki iliyofuata gari lenyewe likaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, limekunjamana, na kwa kuwa Célestin alikuwa ofisini na wageni, Hermance ndiye aliyelipokea uani.

Alilizunguka. Akaliinamia. Matairi manne, yote mazima, moja bado lina upepo. Kisha akaona chini pale ngozi ilipochanika, mkono wa usukani umekatika vipande viwili, na umekatikia kwenye tundu. Alitia kidole. Kingo zilikuwa laini.

Alikaa chini kwenye matope, na hapo ndipo mumewe alipomkuta.

"Inuka, Hermance. Watu wanaona."

"Tairi lipi lilipasuka?"

Célestin alimshika kwapa amwinue.

"Célestin. Tairi lipi?"

"Inuka, nakuomba."

"Tundu hili ni langu."

"Najua," akasema. "Nilijua palepale barabarani. Nani mwingine analainisha tundu la gari kama la kinu?" Alichuchumaa karibu naye, sauti ikawa ndogo. "Askari waliniuliza, gari lilikuwa zima? Nikasema zima. Ulitaka niseme nini? Niseme dada yake mwenyewe ndiye aliyemwua? Ungeishi vipi katika mji huu?"

"Kama gari lilikuwa zima, basi nani mkosaji?"

Célestin alitazama pembeni. Na hakuhitaji kujibu, kwa sababu gazeti lilijibu kesho yake. Liliandika kwamba dereva wa Maugain alionekana kwenye kituo cha kupumzikia amepewa glasi na wanawake wa kijiji, akaimaliza kwa mkupuo mmoja. Liliandika kwamba gari lilikuwa bora kuliko yote ya siku ile, pole sana kwa wenye karakana, ulevi ndio ulioharibu. Glasi ya nini, hakuna aliyeuliza. Yeyote wa Vaurebois angeweza kusema: ya maziwa, jamani, huyo ni Ndama! Lakini watu wa Vaurebois ni watu. Walisema, kumbe. Walisema, na ule utakatifu wote, kumbe. Maagizo ya magari yakaanza kuingia, moto ukawaka tena karakanani, na mtu mwenye kazi hapekui sana habari za marehemu.

Aliyeamini kuliko wote alikuwa baba yao. Mzee Perrenet alishuka mlimani, akaingia kwa seremala aliyekuwa anachonga msalaba wa kaburi, akamwambia asiandike jina. "Weka mti mtupu. Aliapa mbele yangu, akavunja. Sina jina la kumwandikia mlevi." Hermance alimkimbilia njiani, akamshika mkono.

"Baba, Théodule hakunywa."

"Gazeti limesema."

"Baba, nakuambia hakunywa."

"Basi gari lilikuwa bovu? Mumeo alisema kwa askari lilikuwa zima. Mumeo mwongo?" Mzee alimtazama, naye Hermance akainamia viatu vyake. Aliogopa. Hakuna jina jingine la kitu kile, ni woga tu. Mzee akautoa mkono wake taratibu, akapanda zake.

Msalaba ukasimama mtupu. Kila Jumapili Hermance alipita mbele yake, kila Jumapili akasema moyoni leo nitasema, na kila Jumapili alirudi nyumbani akapika. Célestin alimfanyia wema mwingi siku zile. Alimnunulia koti la manyoya. Alikuwa akiamka wa kwanza kumwashia jiko. Wema ule ulikuwa unamkaba.

Ikafika sikukuu ya Mtakatifu Eloi, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili. Ni siku ya mafundi chuma. Mashine haziguswi, meza hupangwa katikati ya karakana, na bosi mwenyewe hufunga aproni akawahudumia watu wake. Na siku hiyo kila mtu husema atakacho, bosi hana ruhusa ya kukasirika. Mwaka ule kulikuwa na mgeni, wakala kutoka Lyon, mnene, mwenye pete, aliyekuja kukubaliana juu ya magari ya mwaka mzima. Mzee Perrenet alikuwapo vilevile, maana jibini la sikukuu lilikuwa lake tangu enzi za vinu, na alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Alikaa mwisho wa benchi, kofia magotini.

Walikula soseji, walikula viazi na jibini la moto, walikunywa. Fundi mmoja mgeni, aliyeajiriwa baada ya msiba, alisimama na chupa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amelewa tu. "Tusimsahau marehemu!" akasema. "Mmiminieni na yeye, alikipenda kinywaji!" Akajaza glasi, akaiweka mbele ya kiti kitupu. Wachache wakacheka. Babey akasema, "Kaa chini, mpumbavu wewe." Lakini glasi ilikuwa imeshawekwa, nyekundu, imejaa, na ilikuwa mbele ya baba wa mtu. Mzee Perrenet hakuinua kichwa. Masikio yake yaliwaka.

Hermance alisimama. Célestin, na sufuria mkononi, alimwona, na akatikisa kichwa polepole: usifanye, usifanye.

"Leo ni Mtakatifu Eloi," akasema Hermance. "Leo natukana bosi, sina kosa. Gari lilikuwa bovu. Mkono wa usukani ulikuwa na tundu. Niliutoboa mimi."

"Mke wangu ana huzuni," Célestin alimwambia wakala. "Ni tangu msiba. Tafadhali..."

"Célestin, nyamaza. Nenda kaulete, uko kwenye sanduku chini ya kitanda chetu. Waonyeshe tundu. Mzee Babey, wewe utalijua. Waambie ni kazi ya mkono wa nani."

Babey alikuwa ameshajifunika uso. Hakuna aliyeleta sanduku, hakukuwa na haja. Wakala wa Lyon alifuta midomo yake kwa kitambaa, akauliza farasi wake yuko wapi.

Mzee Perrenet aliinuka. Alitembea mpaka mbele ya binti yake, karibu kabisa, akamtazama.

"Hakunywa?"

"Hakunywa, baba. Walimpa maziwa. Hakuwahi kunywa maisha yake."

Uso wa mzee ukafunguka. Ni kitu kibaya kukiona, furaha kama ile mahali kama pale. Alilia kwa sauti, akacheka ndani ya kilio, akaichukua ile glasi akaimwaga sakafuni, akavaa kofia yake akatoka mbio kama kijana. Aliyemfuata alimkuta kwa seremala, anamwambia achonge jina zima, Théodule Alcide Perrenet, herufi kubwa.

Maagizo yalirudishwa yote kabla ya Krismasi. Karakana ilifungwa mwanzo wa majira ya kuchipua, na jengo likachukuliwa na watu wa misumari. Célestin alipata kazi kwenye kampuni kubwa huko Lyon, akaondoka akisema atamwita mkewe akishapata nyumba. Hakumtukana. Hakumwita pia.

Siku moja Hermance alipanda mlimani. Aliweka maua mbele ya msalaba wenye jina, kisha akaenda mpaka nyumba ya jibini, akagonga. Baba yake alifungua, mikono inadondoka maziwa. Alikuwa amenenepa kidogo, amenyolewa vizuri.

"Nimekuja kukusaidia kazi, baba," akasema. "Sina pa kwenda."

Mzee alijifuta mikono kwenye aproni. Hakuwa na hasira usoni.

"Umenirudishia mwanangu," akasema. "Kwa hilo nitakuombea mpaka nife. Sasa shuka, Hermance, na usipande tena huku."

Akafunga mlango, akarudi kwenye maziwa yake, kwa kuwa maziwa hayangoji. Hermance alisimama pale mlangoni mpaka aliposikia anakoroga, kisha akateremka.